Ulimi ni Amana: Fundisho la Wanenaji wa Roma ya Kale

Wahenga wetu walisema, mdomo huponza kichwa. Methali hii twaitumia kwa mfano tu, lakini alikuwako mtu mmoja ambaye kwake ilitimia neno kwa neno. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 K.K., karibu na mji wa Formiae katika pwani ya Italia, askari walimfikia mzee wa miaka 63 aliyekuwa akichukuliwa na watumwa wake katika machela. Watumwa walikuwa tayari kumpigania. Yeye akawaamuru waishushe machela chini, akatoa shingo yake nje, akakatwa kichwa. Kichwa hicho, pamoja na mikono iliyoandika hotuba zake, vikapelekwa Roma, vikawekwa juu ya jukwaa lile lile ambalo kwa miaka mingi alikuwa akisimama kuwahutubia watu. Mtu huyo ni Marcus Tullius Cicero, mnenaji mkuu kuliko wote waliotoka katika taifa la Warumi.

Tangu siku ile imepita miaka zaidi ya 2000. Jukwaa lile limekuwa magofu, na Kilatini alichokinena si lugha ya nyumbani ya taifa lo lote tena. Hata hivyo sauti yake haijanyamaza. Wengi waliojifunza Kilatini seminarini wamepita mikononi mwake, na hata asiyejua neno moja la lugha hiyo amesoma katika katekisimu mafundisho yaliyopitia kalamu ya mtu huyu. Je, urithi huu una faida gani kwa jamaa ya Kikristo ya leo? Wako wasemao kwamba elimu ya Warumi ilikuwa ufundi wa kupamba maneno tu, na kwamba maneno matamu yamekwisha kutudanganya vya kutosha. Malalamiko hayo yana haki. Basi na tuyapime polepole, maana Warumi wenyewe walilalamika hivyo hivyo.

ELIMU YA KUNENA

Roma ya siku zile haikuwa na mfalme. Mambo makubwa ya nchi yaliamuliwa kwa maneno: katika Seneti, katika mikutano ya raia, na mbele ya waamuzi. Hakukuwa na mwendesha mashitaka wa serikali kama tumjuavyo sisi. Raia aliweza kusimama na kumshitaki mwingine, na mwingine akasimama kumtetea. Kwa hiyo kijana aliyetaka kuitumikia nchi ilimpasa ajifunze kunena, kama mwana wa mvuvi apaswavyo kujifunza habari za pepo na maji.

Elimu hiyo waliipokea kwa Wayunani, nayo iligawanywa katika kazi tano. Kwanza, kutafuta la kusema, pili, kulipanga, tatu, kulivika maneno yanayolifaa, nne, kulishika kwa moyo, tano, kulitamka kwa sauti na kwa ishara za mwili. Tena walifundisha kwamba mnenaji ana deni tatu kwa wasikilizaji wake: kuwafundisha, kuwapendeza, na kuwavuta mioyo yao. Atakayeyapima mahubiri ya Jumapili kwa vipimo hivi ataona mara moja yalipopungukiwa, na sisi mapadre tukubali kupimwa.

Lakini katika elimu hiyo lilikuwamo swali gumu. Mtu akiisha kujifunza kuigeuza mioyo ya watu apendavyo, ni nani atakayeugeuza moyo wake mwenyewe? Cicero alilitazama swali hili tangu ujana wake. Katika kitabu chake cha kwanza juu ya unenaji aliandika kwamba hekima isiyo na ufasaha huifaa nchi kidogo, bali ufasaha usio na hekima mara nyingi huidhuru sana, wala haufai kamwe. Baadaye, mwaka 55 K.K., alirudia jambo hilo kwa ukali zaidi: kumfundisha ufasaha mtu asiye na wema ni sawa na kumpa mwenda wazimu silaha. Na kabla yake Cato Mzee, aliyefariki mwaka 149 K.K., alikuwa amekwisha kusema kwamba mnenaji sharti awe mtu mwema, tena hodari wa kusema. Angalieni mpango wa sharti hilo. Wema umetangulia, uhodari umefuata.

MNYANG'ANYI WA SICILIA

Mwaka 70 K.K. Cicero alikuwa na umri wa miaka 36. Hakuwa wa nasaba kubwa. Alizaliwa Arpinum, mji mdogo wa vilimani, na katika ukoo wake hakuna aliyewahi kushika cheo kikuu mjini Roma. Wakaja kwake watu wa kisiwa cha Sicilia, ambako miaka mitano nyuma alikuwa amefanya kazi ya utunzaji wa fedha za serikali na kujipatia jina jema. Walimlilia juu ya Gaius Verres, aliyekuwa liwali wao toka mwaka 73 hata mwaka 71. Liwali huyo alikuwa amewatoza wakulima nafaka kupita haki, ameuza hukumu kwa fedha, ameondoa sanamu katika mahekalu yao na kuzipeleka nyumbani kwake. Cicero alikadiri unyang'anyi huo kuwa sestertii milioni 40. Tena, kwa ushuhuda wa Cicero, Verres alijigamba kwamba miaka yake mitatu ameigawa vizuri: mapato ya mwaka mmoja ni yake mwenyewe, ya mwaka wa pili ni ya watetezi wake, na ya mwaka wa tatu, ulio mnono kuliko yote, ni ya waamuzi. Msomaji asicheke upesi. Hesabu ya namna hii haikuzikwa pamoja na Warumi.

Mtetezi wa Verres alikuwa Hortensius, ambaye siku zile alishika nafasi ya kwanza kati ya wanenaji wa Roma. Hila yao ilikuwa kuchelewesha shauri mpaka mwaka wa pili, ambapo Hortensius mwenyewe angekuwa konsuli. Cicero alikuwa amepewa siku 110 za kukusanya ushahidi; akazunguka kisiwa chote na kurudi katika siku 50 hivi. Shauri lilipofunguliwa, mwezi wa Agosti, watu walingojea hotuba ndefu kama ilivyokuwa desturi. Cicero akasema kwa kifupi, kisha akaita mashahidi. Mmoja baada ya mwingine watu wa Sicilia wakasimama, wakaeleza waliyotendwa. Hila ikaharibika. Kabla hukumu haijatolewa, Verres aliondoka Italia, akaenda kukaa ugenini katika mji ambao leo ni Marseille. Hotuba ndefu alizokuwa ameziandaa Cicero hakuzitamka kamwe, ila alizitoa kwa maandishi.

Hapa pana fundisho la kwanza. Ushindi uliokuza sifa ya mnenaji huyu aliupata siku alipofupisha maneno yake ili wanyonge wapate kusema.

Katika maandishi hayo imo habari ya Gavius, raia wa Roma, ambaye Verres aliamuru apigwe viboko hadharani katika mji wa Messana. Kila alipopigwa alilia kwamba yeye ni raia wa Roma. Hakusikilizwa. Alitundikwa msalabani mahali paelekeapo mlangobahari, ili afe akiitazama Italia. Cicero aliandika habari ile kwa uchungu mwingi, maana sheria ilimkinga raia asipigwe wala asiuawe bila hukumu. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba zaidi ya miaka 120 baadaye, huko Yerusalemu, Mtume Paulo alikuwa amekwisha kufungwa tayari kwa viboko, akamwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Viboko vikazuiliwa. Kinga ile ambayo Cicero aliitetea kwa ulimi wake ndiyo iliyomsitiri Mtume wa mataifa.

MIZANI ILIPOMGEUKIA YEYE

Kama habari ingekoma hapo, tungekuwa na shujaa wa kusifiwa, nasi tusingejifunza mengi. Mwaka 63 K.K. Cicero alikuwa konsuli, akavumbua njama ya Lucius Sergius Catilina ya kuipindua serikali. Alimkabili uso kwa uso katika Seneti kwa hotuba ambayo wanafunzi wa Kilatini huisoma hata leo, na Catilina akatoka mjini kwenda kwenye jeshi lake. Wenzake watano wakakamatwa, na barua zao zikawashuhudia. Tarehe 5 Desemba Seneti ikashauriana. Julius Caesar akaonya kwamba kuwaua raia kwa njia isiyo ya desturi, hata wakiwa waovu, ni kufungua mlango ambao kesho watapita wengine kwa nia mbaya. Cato Mdogo akataka wafe. Jioni ile Cicero aliwapeleka katika gereza lililo chini ya kilima cha Capitolium, ambamo mapokeo yasema kwamba Mtume Petro naye alifungwa, nao wakanyongwa bila kuhukumiwa na mahakama. Watu wakamshangilia njiani.

Shangwe ile haikudumu. Mwaka 58 K.K. adui zake walitunga sheria ya kumfukuza mtu aliyewaua raia bila hukumu. Akaenda uhamishoni, na nyumba yake kilimani Palatino ikabomolewa. Aliporudishwa mwaka 57 aliendelea kujitetea, na wako watakaomtetea hata sasa kwamba hatari ilikuwa kubwa. Lakini dhamiri yatuuliza: aliyelia juu ya Gavius, je, aliwapa watu watano wale kile ambacho Verres alimnyima Gavius?

Yako mengine, madogo zaidi, na pengine yanatugusa zaidi. Mwaka 51 K.K. Cicero alitumwa kuwa liwali wa Kilikia, nchi ambayo mji wake mkuu ni Tarso, atakakozaliwa Paulo. Kisiwa cha Kipro kilikuwa chini yake. Watu wa Salamis huko Kipro walikuwa wamekopa fedha kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, na mdai alikuwa amepewa askari wapanda farasi, akalizingira baraza la mji mpaka wazee watano wakafa kwa njaa. Cicero akawaondoa askari wale, akaamuru riba isizidi asilimia 12. Hivyo alitenda haki. Ndipo akagundua kwamba mwenye fedha zile kwa siri alikuwa Brutus, mtu mwenye heshima kuu mjini Roma, ambaye Cicero alitaka urafiki wake. Watu wa Salamis wakawa tayari kulipa deni kwa kipimo cha haki, wakaomba waiweke fedha hekaluni ili riba isiendelee kupanda. Cicero akawasihi wangoje, akaliacha shauri bila kulimaliza, naye hakujua atakayemfuata atakuwa mtu wa namna gani. Hakuchukua rushwa. Alinyamaza tu, siku ambayo neno lake moja lingetosha.

Habari hizi twazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe. Barua zake zaidi ya 800 zimehifadhiwa. Mwaka 1345 mshairi Petrarca alizikuta nyingi katika maktaba huko Verona, na alipoona ndani yake mashaka, majivuno na woga wa mtu aliyemheshimu kuliko wote, alihuzunika hata akamwandikia barua ya kumlaumu kana kwamba yu hai. Sisi twaweza kuzisoma kwa upole zaidi. Mwenye maneno mazuri naye ni mtu, na maneno yake humhukumu yeye kwanza.

HERI NA WAJIBU

Mwaka 45 K.K. ulimvunja moyo. Madaraka yote yalikuwa mikononi mwa Caesar, na Seneti haikuwa na kazi ya maana. Mwezi wa Februari binti yake Tullia, aliyempenda kuliko kitu cho chote duniani, alifariki baada ya kujifungua. Cicero akajificha Astura, kando ya bahari, akikaa peke yake msituni mchana kutwa. Kisha akaanza kuandika, na katika muda usiofika miaka miwili akatoa vitabu vya falsafa mfululizo: juu ya mema ya mwisho, juu ya mauti na huzuni, juu ya uzee, juu ya urafiki, juu ya wajibu.

Wengi walimwambia kwamba kazi ile haina maana, kwa sababu Kilatini ni lugha ya wakulima na askari, na mwenye kutaka falsafa asome Kiyunani. Maneno ya namna hiyo sisi wasema Kiswahili twayajua sana. Cicero hakubishana nao sana. Palipokosekana neno, alilitunga. Yeye ndiye aliyelitunga neno la Kilatini ambalo mataifa mengi ya Ulaya hulitumia kwa kutaja sifa au namna ya kitu. Ni yeye pia aliyetunga neno la kutaja mambo ya maadili. Na alipotafuta jina la hali ya kuwa na heri, akatunga *beatitudo*, akikiri kwamba neno hilo ni gumu masikioni, lakini mazoea yatalilainisha. Yamelilainisha kweli. Kanisa lilipotaka kuzitaja kwa Kilatini zile Heri za mahubiri ya mlimani, lilitumia neno hilo lililotungwa na mpagani mwenye huzuni.

Kitabu chake juu ya wajibu alimwandikia mwanawe Marcus, aliyekuwa akisoma Athene, mwaka 44 K.K. Ndani yake alieleza fadhila nne ambazo Wayunani walikuwa wamekwisha kuzifundisha: busara, haki, nguvu na kiasi. Watoto wetu huzijifunza katika katekisimu kwa jina la fadhila za msingi, nazo zimetajwa pia katika Kitabu cha Hekima.

Lakini Cicero hakuishia kuzitaja. Aliuliza maswali ya sokoni. Alisema: Mfanyi biashara mwema amechukua nafaka kwa jahazi toka Iskanderia mpaka Rodo, na Rodo kuna njaa, bei imepanda sana. Njiani ameona majahazi mengine mengi, yamejaa nafaka, yaelekea huko huko. Akifika, je, awaambie watu kwamba nafaka nyingi iko njiani, au anyamaze auze yake kwa bei ya njaa? Wenye hekima wawili wa kale walikuwa wamebishana juu yake. Diogenes wa Babeli alisema, muuzaji haimpasi kusema yote ajuayo. Hakudanganya mtu, ameleta mali yake na kuiuza. Antipatros, mwanafunzi wake, akasema, wewe u mwanadamu uliyezaliwa ili uwafae wanadamu. Utawafichaje wenzako neema iliyo karibu yao? Cicero akaamua kwamba mfanyi biashara yule imempasa kusema. Kuficha, alieleza, si kunyamaza tu. Ni kutaka wengine wasijue jambo wanalohitaji kulijua, ili wewe upate faida kwa kutokujua kwao.

Msomaji mwenye duka, mwenye ghala la mahindi, mwenye kuuza ng'ombe aliyemjua kuwa mgonjwa, hana haja ya kufasiriwa mfano huu. Wala si wa fedha tu. Mume amfichaye mkewe deni, na mzee wa ukoo amfichaye mjane karatasi ya shamba, nao wamesimama bandarini Rodo.

MANENO YAWASHAYO MOTO

Turudi nyuma kidogo. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka ule wa 44 K.K., na siku chache baadaye Marcus Antonius akasimama mbele ya maiti yake sokoni Roma. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana na siku ile katika mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1963. Hotuba iliyomo ni ya Shakespeare mwenyewe. Yaliyofuata yamesimuliwa na waandishi wa kale. Watu walishikwa na hasira, wakaichoma maiti pale pale sokoni kwa viti na meza walizozikuta, wakakimbilia nyumba za wauaji na vienge vya moto. Njiani wakakutana na mtu aitwaye Helvius Cinna, rafiki wa Caesar aliyekuja kumzika. Wakasikia jina Cinna, wakadhani ni Cinna mwingine aliyemsema Caesar vibaya. Wakamwua, wakakitembeza kichwa chake juu ya mkuki.

Sisi nasi twajua sauti ya umati. Mtu hupaza kilio cha "Mwizi!" barabarani, au habari isiyo na mwenyewe hupita katika simu za mkononi, na kabla hapajaulizwa neno pana marehemu, na pengine jina halikuwa lake. Aliyepaza sauti ya kwanza hurudi nyumbani kula chakula chake. Hii ndiyo silaha mkononi mwa mwenda wazimu.

Kuanzia Septemba mwaka 44 hata Aprili mwaka 43 Cicero alitunga hotuba 14 dhidi ya Antonius, akiitaka Seneti iirudie sheria. Alikuwa mzee, tena alijua hatari. Hakukosa kukosea: alimtegemea kijana Octavianus, akidhani atamtumia, na kijana huyo akapatana na Antonius. Wakaandika orodha ya watu wa kuuawa, na jina la Cicero likaandikwa. Mwisho wake tumekwisha kuueleza. Mwandishi Plutarch asimulia kwamba miaka mingi baadaye Octavianus, ambaye sasa aliitwa Kaisari Augusto, alimkuta mjukuu wake akisoma kitabu cha Cicero. Mtoto akakificha chini ya nguo kwa hofu. Mzee akakitwaa, akasoma kitambo kirefu akiwa amesimama, akakirudisha, akasema kwamba mtu huyo alikuwa mwenye elimu, tena aliipenda nchi yake.

KUTOKA JUKWAANI HADI MIMBARINI

Urithi huu ulilifikiaje Kanisa? Kwa njia nyingi, lakini moja yatosha. Mwaka 373, huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea unenaji ili apate cheo alifungua kitabu cha Cicero kiitwacho *Hortensius*, kwa jina la yule mtetezi wa Verres. Kijana huyo ni Augustino. Alikisoma ajifunze maneno, kikamgeuza nia; kwa mara ya kwanza akaitamani hekima yenyewe. Kitabu hicho kimepotea, yamebaki mapande tu, lakini Augustino ameshuhudia kazi yake katika *Maungamo*.

Hata hivyo hakuacha upesi biashara ya maneno. Alipata kuwa mwalimu wa unenaji mjini Milano, na siku moja alikuwa akienda huku moyo unamsumbua juu ya hotuba ya kumsifu Kaisari, yenye uongo mwingi, ambayo wasikilizaji wangeishangilia wakijua kwamba ni uongo. Njiani akamwona maskini mlevi akicheka, akaona kwamba mlevi yule amempita kwa furaha. Mwaka 386 aliacha kazi ile, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi, ambaye baadaye naye aliwaandikia mapadre wake kitabu juu ya wajibu kwa kufuata mfano wa Cicero.

Alipokuwa askofu mzee, Augustino alimalizia kitabu cha kuwafundisha wahubiri. Akazitwaa zile deni tatu za mnenaji, kufundisha, kupendeza na kuvuta moyo, akaziweka chini ya kweli. Asiyeweza kunena kwa ufasaha, alifundisha, na anene kwa hekima. Na asiyeweza hata hilo, maisha yake yawe ndiyo hotuba yake.

Mwaka 1819 padre Angelo Mai, mtunza maktaba ya Vatikano, alikuwa akichunguza kitabu cha kale cha ngozi chenye maelezo ya Augustino juu ya Zaburi. Chini ya maandishi hayo akaona maandishi mengine, yaliyofutwa na watawa zamani ili ngozi itumike tena. Yalikuwa sehemu kubwa ya kitabu cha Cicero juu ya dola, kilichodhaniwa kupotea. Maneno ya mpagani yalikuwa yamelala chini ya maneno ya mtakatifu kwa karne nyingi, wala hayakufutika.

NYUMBANI KWETU

Enyi wazazi, yapo yatuhusuyo sisi ambao hatutasimama kamwe katika Seneti. Quintilianus, mwalimu wa Roma aliyelipwa mshahara na dola, aliandika vitabu 12 juu ya malezi ya mnenaji mnamo mwaka 95 B.K. Hakuanza na jukwaa. Alianza na yaya amleaye mtoto mchanga, akataka awe mwenye tabia njema na usemi safi, kwa kuwa maneno yake ndiyo mtoto atakayoyasikia kwanza. Akakataza pia kuwapiga wanafunzi, akisema kwamba fimbo ni ya watumwa, tena humzoeza mtoto ugumu wa moyo. Hata yeye, kama watu wa zama zake, hakuuliza kwa nini mtumwa apigwe.

Basi mtoto wako anapokuja na mashitaka juu ya ndugu yake, mwache aeleze kwa utaratibu, kisha mwite na yule mwingine umsikie. Hapo umemfundisha haki ya Warumi kuliko vitabu vingi. Akikuona unamwambia mnunuzi kasoro ya kitu chako, amejifunza swali la Rodo. Na siku utakaposema neno kwa ajili ya mnyonge mbele ya mkubwa ambaye ulitaka urafiki wake, utakuwa umempita Cicero wa Salamis.

Mdomo huponza kichwa, ni kweli, na mwenye busara huuchunga. Lakini asiufunge mbele ya dhuluma. Ulimi ni amana tuliyokabidhiwa, na ipo siku Mwenyewe ataidai.